Mtulizaji wa Mwanakheri

Siku hizo hospitali haikutoa dawa ya tumbo, ilitoa mtu. Ilishajulikana kwamba mishipa ya fahamu ikimwaga kemikali za hofu, askari wa mwili huugeukia utando wa utumbo na kuushambulia mpaka utoke damu. Kwa hiyo mgonjwa alipangiwa mtulizaji wa kukaa naye mezani, na hakugusa chakula mpaka bangili ya kupima hofu aliyovishwa mkononi igeuke kutoka nyekundu kuwa kijani.

Mwanakheri alipangiwa Kitwana, fundi cherehani. Shebe, mumewe, alichoka kuiona bangili ya mkewe ikigeuka kijani wakati Kitwana ndiyo kwanza anavua viatu. Siku moja akamzuia mlangoni.

"Bwana mtulizaji, leo rudi kwako. Mke wangu nitamtuliza mwenyewe."

"Sawa, kaka. Ila asile ikiwa nyekundu, ataumia."

"Unanifundisha mke wangu?"

Kitwana akaondoka. Shebe akapakua wali, akaketi karibu na mkewe, akamshika mkono na kulainisha sauti kama siku za uchumba. Bangili ikabaki nyekundu pyu. Wali ukapoa. Mwanakheri, aliyekuwa na njaa tangu asubuhi, akalibana tumbo kwa kiganja.

"Yule ana nini ambacho mimi sina?" Shebe akafoka.

"Hana kitu, baba Saumu. Hata asipokuja, sawa tu." Mwanakheri akainamisha macho. "Wewe nenda barazani kidogo, nile."

Shebe akatoka, akaufunga mlango. Hata hajakaa, akasikia kijiko kinagonga sahani.