Helikopta ya Mzee Shekue

Maradhi ya kusahau yalikuwa yamemwachia Mzee Shekue kitu kimoja tu: helikopta yake ndogo ya rimoti. Mkewe, Mwanahawa, akamwomba amfundishe kuirusha, angalau wapate la kuzungumza.

Wiki nzima aliiangusha uani.

“Usiikimbize,” mzee alimwambia. “Ikielemea kushoto, irudishe kidogo tu, kisha tulia.”

Asubuhi ya Ijumaa ikasimama hewani usawa wa kifua, haiendi mbele wala nyuma. Mzee akapiga makofi.

“Umeweza, binti yangu! Ngoja nimwite mke wangu aje aone.”

Akaingia ndani akimwita Mwanahawa chumba hadi chumba, kwa sauti ya furaha. Uani, Mwanahawa alibaki na rimoti mkononi. Machozi yalimtiririka, huku vidole vyake vikiishikilia helikopta palepale hewani.