Gemu ya Mlango Mmoja

Waleed aling'oa hedifoni masikioni akazitupa mezani kana kwamba zimemchoma.

"Zima hiyo kitu," alisema. "Trizah, zima. Mimi hiyo mlango sifungui."

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali juu ya mabati ya mtaa wa Kiuu, na nje mama mmoja alikuwa akiita wateja wa omena. Waleed alikuwa fundi wa simu kule Gitothua, mtu wa miaka ishirini na saba, na gemu za kutisha alizicheza tangu shule ya msingi. Trizah aliyaangalia matone ya jasho juu ya mdomo wake, akaandika kwenye daftari: dakika nne.

Huyo alikuwa wa kumi na moja. Hakuna aliyefika dakika ya tano.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Mwaka mzima Trizah alikuwa ameunda gemu yenye jitu lisilo na macho, damu ukutani na mayowe kila kona. Waleed huyuhuyu aliicheza akila chapati, akacheka mpaka akapaliwa. "Sasa hii katuni itaogopesha nani?"

Kwa hasira Trizah alifuta kila kitu. Akabakisha chumba kimoja, koroboi, meza, na mlango wa mbao uliofungwa kwa komeo.

Kisha akaweka mtu nje, anabisha.

Mchezaji hamwoni wala hasikii sauti yake. Anaweza kufungua, anaweza kungoja. Ni hayo tu. Jitu walikuwa wakilizoea baada ya kuliona mara mbili. Mlango huu hakuna aliyeuzoea.

Kazi ilikuwa kuupata ule mlio. Aligonga meza, kabati, milango ya majirani, akarekodi yote, akafuta yote. Siku moja aliviringisha blanketi kwenye kinasa sauti, akagonga mlango wake mwenyewe taratibu, halafu chini yake akaongeza mngurumo mdogo, kama maji yanayopita kwenye bomba ndani ya ukuta. Aliposikiliza, hakuufuta. Alijua ndio huo. Alijuaje, hakuweza kusema.

"Uliitoa wapi hiyo sauti?" Waleed aliuliza, bado anajipangusa. "Iko mbali, lakini ni kama iko ndani ya kichwa yangu. Kama nimezama kwa maji."

"Nilijaribu tu mpaka ikakubali."

"Mliwahi kuvamiwa?"

"Baba ndiye alivamiwa. Nilikuwa na miaka mitatu." Trizah alisema bila kuinua macho. "Tulikuwa tunaishi hapa hapa Kiuu. Kipindi hicho majambazi walikuwa wanabishia watu milango wakijifanya majirani. Yeye alikuwa anatoka shifti kiwandani Thika, wakamdunga kisu njiani. Akajikokota mpaka mlangoni kwetu. Watu wakamkuta hapo asubuhi."

"Na nyinyi?"

"Mimi na mama tulikuwa tumelala kwa shangazi, Ngoingwa. Nyumba ilikuwa tupu." Akaifunga kompyuta. "Hata sura yake naijua kwa picha tu."

"Pole, Trizah."

"Ilikuwa zamani."

Waleed alisimama. Jumamosi ya wiki iliyofuata gemu ingeonyeshwa Nairobi mbele ya watu, na wote wawili walikuwa wakiiwaza. "Usitegemee sisi wenye tumezoea hizi vitu," alisema. "Tafuta mtu hajawahi kucheza gemu maisha yake yote. Huyo akiogopa, umemaliza kazi."

Mtu wa namna hiyo Trizah alikuwa naye mmoja tu.

Siku hizi mama yake aliishi Ngoingwa, akishona sare za shule sebuleni. Hakuolewa tena. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba binti yake anafundisha kompyuta, maana neno gemu lilimtia aibu kidogo. Lakini Jumapili alasiri, Trizah alipoingia na mkoba wake, mama alisogeza vitambaa na cherehani, akafuta meza.

"Haya, nionyeshe hiyo kazi inayokukondesha."

Trizah alimvalisha hedifoni juu ya kilemba. "Kitufe hiki ni cha kutembea. Hiki cha kufungua. Ukichoka, niambie."

"Na nikishinda unanipa nini?"

"Nakupikia chai."

Mama alicheka. Alizunguka chumba kile polepole, akajigonga kwenye meza mara mbili, akajicheka mwenyewe. Kisha kwenye skrini mlango ukatikisika kidogo, na Trizah akajua kubisha kumeanza.

Hapo wengine hushtuka, hutukana, hurudi nyuma. Mama hakufanya lolote. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda kama kitu kilichosahauliwa, halafu likatoweka. Mlango ukatikisika tena. Mama aliondoa vidole kwenye vitufe, akaviweka mapajani.

Dakika ya tano ikapita. Ya sita ikapita. Trizah alihisi furaha ikimpanda kifuani. Anaogopa. Imefaulu. Alikuwa akifikia daftari lake alipoona machozi yakimdondoka mama kwenye kitenge, wala hayafuti.

Katika dakika ya saba kubisha kulikoma, kama Trizah alivyopanga. Hakuna mchezaji aliyewahi kufika hapo.

Mama alivua hedifoni, akaziweka mezani kwa uangalifu.

"Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, Mama? Nimeitunga tu, kichwani mwangu."

Mama aliinua mikono yake miwili, akavitazama viganja, kimoja baada ya kingine.

"Nilikuziba masikio mpaka akaacha kubisha," alisema. "Nilidhani hukusikia."