Kidole cha Mchongaji

Tangu asubuhi, uani kwa kina Muthoki huko Mbotela, marafiki zake watatu walikuwa wakibishania simu ya nani ina mfumo bora. Kikompyuta cha mkononi cha Muthoki, cha vitufe, kikuukuu, walishakicheka mpaka basi.

"Mzee, hebu tuamulie," mmoja akamwambia baba yake Muthoki.

Mzee akaweka tezo chini, akagusa simu ya kwanza. Kimya. Ya pili, vilevile. Kuchonga mpingo miaka yote kulikuwa kumekigeuza kidole chake gome, na vioo havikukitambua.

Muthoki akamsogezea kikompyuta chake. Vitufe vikabonyea, likatokea jina lake, lile analolichonga chini ya kila kinyago.

"Nikizima, litabaki?" mzee akauliza.

Wote walijua kikompyuta hicho husahau kila kitu betri zikiisha. Aliyecheka kuliko wote akainuka, akakimbilia dukani.