Kiingereza cha Alhamisi

Kipande cha karatasi kilikuwa kimebanwa kwa pini ndani kabisa ya mfuko wa aproni ya mkewe, mahali ambapo mume mwenye adabu hatii mkono. Fundi aliutia. Akakisoma akiwa amesimama kati ya cherehani na meza ya kukatia. Kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa za mtu anayejifunza, kilisema: Nipe muda, nitamwambia.

Mambo yalikuwa yameanza kwa heri. Miezi mitatu iliyopita waliweka picha ya duka lao mtandaoni, pamoja na jina la Fundi na namba ya simu ya mezani. Haikupita wiki mbili, mkewe akatangaza kuwa anataka kujifunza Kiingereza. Akawa anakata mabaki ya karatasi za vipimo, anaandika neno, anabandika kwa pini: mkasi, uzi, pasi, kifungo. Duka zima likavaa majina. Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano.

"Sasa mbona usiniulize mimi?" alimwambia. Kiingereza yeye alikiongea kama maji. Kabla ya kumwoa alikuwa amekaa ng'ambo miaka minne, akishona katika karakana ya sare, na cha huko alichopenda kukionyesha kilikuwa hicho tu.

"Wewe huna subira, mume wangu. Halafu mengine mtu hujifunza mwenyewe."

Mwezi wa pili pini zikahama kutoka kwenye vitu, zikaingia mifukoni. Siku moja Fundi aliokota: Umelala salama? Siku nyingine: Nimeipenda picha yako. Juzi: Usilie. Haya, mwanamke wa kutia vifungo anambembeleza nani asilie?

Wivu haukumjia kwa kishindo. Ulianza kumtekenya, kisha ukamkalia kifuani na kukataa kuondoka. Usingizi ukampaa. Akamkatia mteja shati lenye mikono miwili, yote ya kushoto, na asigundue mpaka alipolitundika. Mtu aliyemshuku alikuwa mmoja tu: mhandisi mgeni aliyeleta suruali zake kurefushwa, jamaa mrefu wa kuinama mlangoni. Yule bwana aliwahi kumsifia mkewe pindo zake, kisha akamfanya arudie kutamka kwa Kiingereza neno "kifungo" mara tatu. Mara tatu! Fundi alihesabu. Neno lenyewe lina ugumu gani?

"Yule Mrefu anakuja lini kuchukua suruali zake?" aliuliza siku moja, macho yake kwenye cherehani.

"Si alishazichukua wiki iliyopita? Kwani vipi?"

"Hamna. Nauliza tu."

Mkewe alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Fundi kuliko tusi. "Mume wangu, kama una jambo moyoni, niambie. Sitakasirika."

"Mimi? Mwenye la kusema hapa ni wewe!"

"Basi yaishe," alisema mkewe, akalamba ncha ya uzi na kuutunga kwenye sindano.

Halafu kulikuwa na hili la Alhamisi. Kila Alhamisi, saa tisa alasiri, mkewe alimtuma akanunue uzi, ilhali droo ilikuwa imejaa uzi hadi haifungiki. Dalili ya mvua ni mawingu, na Fundi hakuwa kipofu. Alhamisi hii alichukua mfuko kama mume mtiifu, akaenda hadi kona, akahesabu mpaka mia, akarudi kwa mlango wa nyuma. Akajibanza nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Leo angejua kama ndoa yake ya miaka kumi na saba iko hai au ilishakufa yeye akiendelea kuishonea viraka. Alimpenda mkewe. Alimpenda kiasi cha kutamani pazia lile lisifunguke.

Simu ikalia. Mkewe akaifuta mikono kwenye aproni kwanza, kama anayekwenda kumpa mtu mkono, ndipo akanyanyua simu.

"Umekula, kipenzi?" alisema kwa Kiingereza, polepole, akipima kila neno. Sauti ile Fundi mara ya mwisho kuisikia ulikuwa mwaka wa harusi. "Hapana, bado sijamwambia. Usiogope. Nampenda, lakini nitamwambia."

Pazia lilichomoka na vyuma vyake. Fundi alimpokonya mkewe simu, akamwaga Kiingereza chote alichorudi nacho kutoka ng'ambo.

"Mwizi wa wake za watu! Huna haya? Huyu ana mume, na mume ndiye mimi! Toa basi sauti, mwanamume kamili, nikusikie!"

Mtu alivuta pumzi upande wa pili. Haikuwa sauti ya Mrefu. Haikuwa sauti ya mwanamume yeyote.

"Samahani," alisema msichana. "Mama yangu alikuwa akipiga pasi kwenye karakana ya sare. Alisema uliondoka mwezi mmoja kabla sijazaliwa. Wewe ndiye baba yangu?"

Fundi alimgeukia mkewe. Mkewe alikuwa ameshamvutia kiti.

"Kaa umjibu, mume wangu," alisema. "Kila Alhamisi huniuliza hilo hilo, na hilo si langu kulijibu, kwa lugha yoyote."