Upande wa Jeshi

"Teremsheni mapazia, tunapita upande wa jeshi," alitangaza mhudumu wa ndege. Uwanja ulikuwa wa wanajeshi. Ndege za raia ziliazimwa tu njia ya kurukia, kwa sharti kwamba abiria wasichungulie.

Mama mjane aliyekaa dirishani aliteremsha pazia lake, lakini akaacha upenyo wa vidole viwili.

Nje, askari wa kwenda vitani walikuwa wakipanda ndege kubwa ya kijani, wamewapa abiria mgongo. Mmoja alibeba begi begani, bega moja limeshuka, shingo ameipinda kama mtu anayesikiliza ardhi. Mama akashika kifua. Mwendo ule ulikuwa wa marehemu mumewe, na hapa duniani alimrithisha mtu mmoja tu.

Tangu mwanawe ajiunge na jeshi hawakusemezana. Siku ya kwenda kujiunga, kijana alipiga magoti mlangoni kuomba radhi, naye mama akamjibu, "Kaombe kwa hao wakubwa wako."

Sasa mguu wa mwanawe ulikuwa kwenye ngazi ya ndege ile.

Mama akalisukuma pazia lote juu, akabandika kiganja kwenye kioo.

"Nenda, baba. Radhi zangu zote unazo. Mungu akutangulie."

"Mama, pazia!" Mhudumu alikuwa ameshamfikia, anafoka kwa kunong'ona. "Utatuponza sote!"

Mama hakugeuka.

"Teremsha wewe, mwanangu. Mkono wangu una kazi."