Dari ya Jumamosi

"Wewe ni fundi au mpamba keki?" Adero aliuliza, akielekeza juu mpini wa jembe aliokuwa akiuegemea. "Mabati yana matundu kama chujio, nawe unafunga jipsamu chini yake!"

Khaemba hakushuka kwenye ngazi. Alikuwa amebakiza bodi moja, na unga wa jipsamu aliokoroga kuziba viungo ulishaanza kuganda kwenye karai.

"Mama, mimi nimeletwa kutoka Kisumu kwa kazi hii tu. Wageni ni Jumamosi."

"Jipsamu ni unga wa jiwe kati ya karatasi mbili. Ikinywa maji inakuwa uji. Nimeuza vifaa vya ujenzi soko la Kibuye miaka ishirini, usinifundishe."

"Si nilimwambia Gordon aliyeniita? Akasema mabati yatangoja. Watu waone dari nyeupe, wale, wapige picha, warudi Nairobi."

"Na mvua ikinyesha?"

Khaemba akacheka. "Haya ni ya matanga, Mama; mgonjwa yuko wodini, hatamaliza wiki. Marehemu hanyeshewi."

Adero alimtazama kama anayetazama samaki aliyelala sokoni siku tatu. "Huyo Gordon ameombwa mabati miaka sita. Kila mvua, mwenye nyumba anasogeza kitanda. Kulia, kushoto, kulia. Leo ndiyo anakumbuka kupamba?"

"Anamheshimu mama yake."

"Anaheshimu kamera."

Pamba ya hospitali iliyobandikwa mgongoni mwa kiganja cha Adero ilikuwa imeanza kubanduka. Akaing'oa, akaitupa ndani ya karai.

"Keti kidogo, Mama. Unatetemeka."

"Nikae wapi? Viti mmetoa nje, kitanda mmekipakia vipande vya bodi."

Simu ya Khaemba ikalia. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa jipsamu, kwa hivyo akaibonyeza kwa kidole kimoja, akaiacha kwenye spika juu ya kipandio cha ngazi.

"Fundi, maliza leo leo!" Gordon alipaza sauti. "Niko wodini. Kitanda cha mama ni kitupu. Daktari alisema hatamaliza wiki, na kweli ameenda. Hiyo dari iko sawa?"

Adero akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Gordon, pitia Kibuye. Mabati thelathini, geji ishirini na nane. Usiniletee yale mepesi."

Ikatoka sauti ndogo: "Mama?"

Adero akamrudishia Khaemba simu, akainua mpini wa jembe kwa mikono miwili, akaitoboa bodi ya dari iliyokuwa juu ya kitanda chake.