Nyuso za Chausiku

Mama mmoja mtu mzima alikuwa akilibandua bango ukutani kwa kisu cha jikoni. Alifanya taratibu, huku akilowesha kwa kitambaa chenye maji ule uji wa muhogo uliotumika kama gundi. Wapita njia walimcheka. Alishafanya hivyo Handeni, akafanya Mombo, na sasa alikuwa Korogwe, Jumapili mchana kweupe, kwenye ukuta wa ukumbi wenyewe.

Raheli alimwona kupitia dirisha la chumba cha nyuma.

"Amefika," alimwambia Ponsiano, kiongozi wa bendi.

Ponsiano alichungulia, akasonya. "Usitoke. Nitamwambia unaumwa."

Bendi yao, Lwengera Jazz, haikuwa na uwezo wa kupiga chapa mabango. Kila mji walikokwenda, Ponsiano alimtafuta fundi wa kuandika vibao vya maduka, akampa karatasi za mifuko ya saruji, akamwambia achore mwanamke mzuri anaimba. Bango moja kwa mji mmoja, na kila fundi na mwanamke wake. Wa Mombo alichora mnene mwenye mwanya. Wa Handeni alichora mwembamba, mweusi tii, shingo ndefu ajabu. Simeo wa hapa Korogwe, watu walisema, alimchora mke wa jirani yake, na kesi ilikuwa njiani. Chini ya kila sura jina lilikuwa lilelile, kwa herufi kubwa: CHAUSIKU.

Utaratibu huo ulimfaa sana Ponsiano, kwa sababu Chausiku mwenyewe hakuwapo. Miaka mitatu nyuma alishuka kwenye basi pale Segera, akisema anakwenda kupumzisha kifua, asirudi. Wengine walisema ameolewa Pangani, wengine kwamba amevukia Mombasa na dereva wa lori. Lakini jina lake lilikuwa limeshajaza kumbi toka Tanga mpaka Same, na Ponsiano hakuona sababu ya kulitupa. Akamtoa Raheli kwenye mkonge kule Mazinde, akampa gauni la Chausiku na jina la Chausiku. Gauni lilipunguzwa kiunoni likamkaa. Jina lilimpwaya mpaka leo.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Raheli. Hata wapiga gitaa walikatazwa, wasije wakaropoka jukwaani. Wanaume walimtumia Chausiku salamu, wakamletea Chausiku kanga, naye alipokea, akashukuru, akaenda kulala peke yake katika vyumba vya wageni, akijitajia jina lake kimoyomoyo asije akalisahau. Ulikuwa upweke mbaya, kwa sababu hakuwa na wa kumwambia.

Halafu bendi ikaanza kusikia habari za mama huyu. Alijitambulisha kuwa anaitwa Mwaija, anatoka kijiji kipya cha ujamaa upande wa Kwamsisi, walikohamishiwa kwa malori, na kwamba Chausiku ni mwanawe. Huko nyuma alikuwa akisubiri bendi iondoke ndipo abandue bango lake. Watu walimtania, "Sasa mama, katika hawa wote mwanao ni yupi?" Naye alijibu, "Wote."

Leo hakusubiri bendi iondoke.

Raheli alijua kinachokuja. Mama angeingia, aseme mbele za watu kwamba huyu siye, na yeye angerudi kukata mkonge. Hilo lilimtisha. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba mama anamtafuta mwanawe mji kwa mji, na yeye amekaa hapa ndani ya gauni la huyo mwana.

Alisikia sauti ya Ponsiano mlangoni. "Chausiku ana mafua, mama. Mafua makali."

"Mafua hayajawahi kuniua," mama Mwaija alisema, akampita akaingia, mabango yamekunjwa kwapani.

"Shikamoo, mama," Raheli alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Alikaa sakafuni, akayatandaza mabango moja baada ya jingine. Aliyatazama yote, kisha akamtazama Raheli, muda mrefu. Ukumbini watu walikuwa wameanza kupiga makofi, na Ponsiano, pale mlangoni, alikuwa akitafuna sigara ambayo hakuiwasha.

"Mama, twende tukazungumze nje," alibembeleza.

Raheli akashindwa kuvumilia.

"Nisamehe, mama," alisema, machozi yakimtiririka. "Mimi siye. Mimi naitwa Raheli. Mwanao hayupo hapa, na sijui aliko. Haki ya Mungu, sijui."

Ponsiano akashika kichwa.

Mama Mwaija hakushtuka. Alikuwa akinyoosha kwa kiganja pembe ya bango la Korogwe iliyojikunja.

"Huyu fundi pua kaikosea," alisema.

"Mama, umenisikia?"

Tarumbeta ililia ukumbini. Sauti moja ikaita, zikafuata mbili, kisha ukumbi mzima ukadaka, miguu ikigonga sakafu: "Chausiku! Chausiku! Chausiku!"

"Nimekusikia. Aliko nakujua," mama Mwaija alisema. "Nilimzika kabla hawajatuhamisha, na kule mahame tulikomwacha hakuna tena hata wa kumtaja." Akafumba macho, akageuzia sikio ukumbini. "Hebu nyamaza kidogo, mwanangu, nisikie wanavyomwita."